Jiwe la Ndege ya Nne

Ngasa, mtoto wa kaka yangu Maduhu, alifika kwangu Bariadi na sanduku la marehemu baba yake limefungwa kwa kamba nyuma ya pikipiki. Tulikuwa tumeondoa matanga kule Nkoma wiki mbili kabla, na wazee wa ukoo walikuwa wamekwisha kugawa vya kugawa: ng'ombe na shamba kwa watoto, redio kwa mjane. Sanduku hili la bati, walisema, liende kwa dada yake, kwa kuwa mwenyewe aliacha neno hilo. Ngasa alilitua sebuleni, akavunja kitasa kwa bisibisi maana ufunguo haukuonekana, akainua kifuniko. Kabla sijaona kilichomo ikanijia harufu ya mafuta ya taa, nikalazimika kukaa.

Kwa ninyi wa rika langu sina haja ya kueleza harufu hiyo. Tumesoma kwa koroboi, tumefukuza siafu kwa mafuta ya taa, tumepakwa kichwani kuua chawa, na daftari zetu zote zilinuka hivyo hivyo. Vijana wa sasa wana umeme na sola. Ukimtuma mtoto mafuta ya taa anakuuliza ni dawa ya nini. Lakini kwangu mimi harufu hiyo ina kazi ya ziada. Ndiyo harufu ya ndege za vita.

Mtaani kwetu wananijua kama mwalimu mstaafu mwenye kichaa kidogo. Nina madaftari makubwa kumi na moja, yote yamejaa ndege za vita: mabawa yake, injini zake, zilizoruka wapi na zilizoishia wapi. Jeshini sijawahi kukanyaga. Ndege nimepanda mara moja tu, ya abiria, nilipokwenda Dar es Salaam kutibiwa macho, na mhudumu alinikalisha mara mbili kwa sababu nilikuwa nasimama kuangalia bawa. Ndege ndogo za watalii zikipita kwenda Serengeti mimi niko jikoni nachambua mlenda, nasikia tu injini, nasema aina yake, na mjukuu wangu anakimbia nje kuhakikisha. Kuna kijana mmoja tunabishana naye kwa simu kuhusu mikia ya ndege za zamani. Siku moja akaniandikia, "Mzee, wewe ulihudumu kikosi gani?" Nikamjibu, "Kikosi cha ng'ombe." Alinuna wiki nzima.

Alidhani namtania, na mimi nilikuwa nasema kweli tupu.

Nyumbani kwetu Nkoma tulikuwa na ng'ombe ishirini na tatu, ambao kwa hesabu za Wasukuma ni wa kuombea radhi tu. Aliyewachunga alikuwa Maduhu, kifungua mimba, aliyenizidi miaka kumi. Vita vya Kagera vilipoanza alichukuliwa pamoja na vijana wengine wa mgambo. Waliwapakia kwenye lori lile lile lililokuwa likibeba pamba wakati wa mavuno, nyuzi nyeupe bado zimenasa kwenye mbao, na vijana wakaondoka wakiimba. Mama hakulia. Alisimama barabarani mpaka vumbi likatua, kisha akaniambia, "Twende, Kabula. Ng'ombe hawajatoka." Hivyo ndivyo nilivyokabidhiwa kundi nikiwa darasa la tatu. Baba alisema shule haina miguu, nitaikuta pale pale.

Baba hakuwa na haja ya kuhesabu ng'ombe. Jioni alisimama penye mlango wa zizi wakipita mbele yake, akitazama rangi na pembe, na wa mwisho akishaingia alisema maneno mawili: "Wameingia wote." Hapo miti mitatu ya mlango ilikingamishwa, na hapo mama alianza kupakua ugali. Katika utoto wangu sikujua maneno mengine mazuri kuliko hayo. Yalimaanisha kazi imekwisha, njaa inakwisha, na hakuna wa kugombezwa.

Mimi sikuwa na jicho la baba, kwa hiyo nilitumia mawe. Mama alikuwa amenishonea gauni la kaki lenye mifuko miwili. Asubuhi kila ng'ombe akivuka mlango nilitia kijiwe mfuko wa kushoto, jioni kila aliyeingia nikatupa kijiwe. Watu wazima walicheka sana. Walicheka mpaka jioni moja baba alipokuwa na mgeni, macho yake yako kwa mgeni, akatamka "Wameingia wote" na mimi bado nina kijiwe mkononi.

"Baba, kuna mmoja nje," nikasema.

"Umekosea."

"Sijakosea. Jiwe hili hapa."

Akahesabu kwa kidole, jambo alilolichukia mno, na mtamba wetu mweusi hakuwemo. Giza lilikuwa limeingia, ikabidi atafutwe kesho yake. Na katika mji wetu ng'ombe akilala nje, mti wa juu wa mlango wa zizi hauwekwi. Unaegemezwa kando mpaka arudi. Babu alifanya hivyo, na baba yake kabla yake, na maana yake ni kwamba aliyepotea bado anahesabiwa kuwa wa nyumbani. Baba alirundika matawi ya miiba kwa ajili ya fisi, lakini ule mti hakuugusa. Asubuhi tulimkuta mtamba amezama kwenye tope la lambo mpaka kifuani, anatutazama kwa lawama. Tangu hapo hakuna aliyecheka mawe yangu, na mama akawa anawaambia majirani kisimani, "Kabula hakosei." Nilivimba kichwa. Neno hilo la mama lilikuja kutugharimu.

Barua ya kaka ilifika mvua zikiwa zimekolea. Niliisoma mimi, nimesimama, wazazi wamekaa. Alisema yeye mzima, hajui sisi. Alisema yuko uwanja wa ndege, na kikundi chao kimekabidhiwa ndege nne za vita, wanazitunza mchana na usiku, na zaidi ya hapo haruhusiwi kusema. Mwishoni aliandika, "Kabula awanyweshe ng'ombe mapema, asingoje jua kali."

Sote tukaelewa kwa namna moja. Kwetu sisi, mtu aliyekabidhiwa ng'ombe huenda waendako ng'ombe. Hawezi kubaki nyumbani halafu aseme amekabidhiwa. Kwa hiyo Maduhu aliyekabidhiwa ndege nne alikuwa anakwenda nazo, zikitoka anatoka nazo, zikirudi anarudi nazo. Mtu mmoja angewezaje kuwa katika ndege nne kwa pamoja? Hatukujiuliza. Mchungaji mmoja anatosha ng'ombe ishirini na tatu, itakuwa ndege nne! Kanisani tuliombewa kwa jina, na mama alipoanza kuitwa mama wa rubani hakukataa.

Zilipita asubuhi moja nikiwa ngitilini, lile eneo la nyasi ambalo baba alilitenga kwa ajili ya kiangazi, nikifukuza ndama wasiingie. Nilisikia radi, na anga halikuwa na wingu hata la dawa. Nikatazama ilikotoka sauti, hakuna kitu. Nikatazama mbele zaidi, ndipo nikaziona: nne, zimekwisha kunipita, chini chini, zinaelekea upande wa ziwa. Zilikuwa na rangi ya sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Mabawa yake yalilala nyuma, na zilipokata kona kidogo niliona pua zake zi wazi, hazikuchongoka kama nilivyodhani ndege zote zilivyo. Ng'ombe walitawanyika mikia juu. Nilipunga fimbo, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka, "Kaka Maduhu! Ng'ombe wazima! Wote wazima!"

Kisha nikafanya kilichopaswa kufanywa. Niliokota mawe manne meupe, ya aina ile inayong'aa, nikayatia mfuko wa kulia. La nne lilikuwa na mstari mwekundu katikati, na ndilo nililolipenda zaidi.

Jioni ile hazikurudi. Mama aliposikia habari alitoka uani mara tatu, mkono juu ya macho, akisingizia anatazama mvua. Kesho yake alasiri zikapita tena, juu zaidi, zikitoka upande wa ziwa kurudi zilikotoka. Nilihesabu huku natupa mawe. Moja. Mbili. Tatu. Nikabaki na jiwe lenye mstari mwekundu, nalitazama anga mpaka machozi yakanitoka kwa mwanga. Nilingoja mpaka ng'ombe wenyewe walipogeuza vichwa kuelekea nyumbani.

Mama alikuwa anapepeta mtama. Nilimwamkia, nikasimama mbele yake.

"Mayu, zimerudi tatu," nikamwambia.

Ungo ukasimama. "Zilikwenda ngapi?"

"Nne."

"Umehesabu kwa macho?"

"Kwa mawe." Nikafungua kiganja.

Alilichukua, akaligeuza, akanirudishia. Mama yangu hakusoma, lakini alijua kuuliza. "Mchungaji akipotelewa na mmoja," akasema, "hufanyaje?"

Nilikuwa mchungaji, swali lilikuwa langu, nikalijibu kwa fahari ya kazi. "Wengine anawarudisha kwa mwenzake. Yeye anabaki kutafuta. Harudi bila huyo."

"Basi kaka yako amebaki," mama akasema, akaendelea kupepeta, lakini mtama ulikuwa unamwagika nje ya ungo.

Jioni baba alisimama penye mlango, ng'ombe wakapita, akasema, "Wameingia wote." Akaweka mti wa chini, akaweka wa kati. Alipoinama kuchukua wa juu akamkuta mama ameushika.

"Huu uache," mama akasema.

"Mama Maduhu, ng'ombe wote wamo ndani."

"Ng'ombe, ndiyo."

Baba alijaribu. Alisema mambo ya jeshi hayahesabiwi na mtoto kwa mawe, tena huko porini. Mama akamuuliza mtamba mweusi alihesabiwa na nani. Baba akachukua panga. Akaenda kukata miiba.

Zikapita siku. Kila jioni miti miwili inakwenda mahali pake, wa tatu unaegemezwa kando. Mama alianza kula amesimama, matonge mawili, macho kwenye njia. Asubuhi moja tukakuta nyayo za fisi zimezunguka zizi lote, na ndama mmoja ana jeraha mguuni pale miiba ilipoachia. Baba aligomba kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Baada ya hapo walikuwa wanatumiana maneno kupitia kwangu: mwambie baba yako maji yako tayari, mwambie mama yako nimeshiba. Ndipo jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, akaja na kapu la michembe ya viazi, akakaa chini kando ya mama, amejifunga kitenge kichwani hivi wanavyojifunga msibani. Nilielewa kwamba hili nililoliita kubaki kutafuta, watu wengine walikuwa na jina jingine la kuliita.

Na aliyeleta yote hayo alikuwa mimi. Si redio iliyosema, si mjumbe, si barua. Ni Kabula asiyekosea, na mfuko wake.

Nilifikiri kwa siku mbili nzima, kadiri mtoto wa miaka tisa anavyoweza kufikiri. Siku ya tisa tangu mti uachwe, niliwaswaga ng'ombe nyumbani mapema. Nyuma ya zizi, kwenye ua wa minyaa, nilitoa jiwe lenye mstari mwekundu nikalitupa humo. Nililitupa karibu tu. Sikuwa na moyo wa kulipeleka mbali. Kisha nikaingia mbio.

"Mayu! Ya nne imepita!"

Mama akainuka. "Imepita wapi?"

"Juu ya mbuga, inatoka ziwani. Peke yake. Ilikuwa inakwenda polepole, imechoka."

"Wewe umeiona?"

"Nimeiona."

"Na jiwe?"

"Nimelitupa, si imerudi?"

Alinitazama. Mpaka leo nikifumba macho nauona uso ule, na kwa miaka yote nimekuwa nikiufasiri kama uso wa mtu aliyetuliwa mzigo. Alitembea mpaka zizini, akangoja ng'ombe waingie, na kwa mikono yake mwenyewe akauinua mti wa juu akaukingamisha. "Wameingia wote," akasema yeye, na baba akamtazama kwa mshangao. Usiku ule mama alikula amekaa.

Mimi ndiye niliyeshindwa kula. Nilikuwa nimefanya nini? Kama kaka yuko huko porini anatafuta, basi mlango wa kwao umefungwa naye hajui, na aliyeufunga ni dada yake. Nilijiona muuaji. Sitanii. Nilimwomba Mungu asimrudishe akakuta mti umewekwa, kisha nikashtuka kwamba nimeomba asirudi, nikaanza upya.

Dawa pekee niliyoiona ilikuwa kuufanya uongo wangu uwe kweli. Lazima ile ya nne ipite, niione, halafu nitakuwa sijadanganya, nitakuwa nimewahi tu. Kwa hiyo nikaanza kutazama juu. Kila mngurumo niliukimbilia mahali pa wazi. Nilijifunza kutofautisha ile inayonguruma na ile inayovuma, yenye mabawa yaliyonyooka na yenye mabawa yaliyolala, mkia wa juu na mkia wa chini. Nilizichora kwa mkaa kwenye ukuta wa ghala la mtama mpaka baba akauliza kama tunafungua kiwanja cha ndege. Watu wakiniuliza mapenzi haya ya ndege yalianzaje, huwa nawajibu kwamba tangu utoto nilipenda mitambo. Huo nao ni uongo. Nilikuwa natafuta ndege moja.

Ilikuwa wakati wa kuchuma pamba. Mimi na mama tulikuwa katikati ya shamba, vidole vimechanika kwa makaka ya pamba, na harufu ya mafuta ya taa ikafika. Nilidhani kuna mtu kaangusha chupa njiani. Nilipoinua kichwa nikaona mwanamume mwembamba anakuja kwenye kijia, sanduku la bati kichwani. Mama aliacha kapu lake likaanguka, pamba nzuri ikaingia udongoni, naye hakuiangalia. Hakumkumbatia kwanza. Alimkagua jinsi ng'ombe aliyelala nje anavyokaguliwa, masikio, mgongo, miguu, vidole vyote kumi. Alipomaliza ndipo akapiga kigelegele, na baba akaja mbio na jembe mkononi akidhani ni nyoka.

Jioni mji ulijaa watu waliokuja kumwona rubani. Maduhu alicheka mpaka akakohoa. "Rubani? Mimi nilikuwa nasukuma mapipa! Ndege zile zinakunywa, ninyi mnasema ng'ombe wanakunywa. Tunasukuma pipa, tunapampu kwa mkono, tunasukuma jingine. Kupanda? Hata ngazi yake sijakanyaga." Mafuta yake ni ndugu wa mafuta ya taa, alisema, na yalikuwa yamemwingia. Aliogea sabuni nyingi mwezi ule, lakini shati likilowa jasho harufu ilikuwa inarudi.

Kesho yake tulikwenda pamoja kunywesha ng'ombe. Nilingoja tuwe wawili tu.

"Kaka, ya nne ilikuwa wapi?"

"Ya nne ipi?"

Nikamweleza siku zile mbili, nne kwenda na tatu kurudi. Akakunja uso, akakumbuka. "Aa, hiyo! Ilipasuka tairi ikitua kule upande wa ziwa, na tairi jingine halikuwepo. Wenzake wakaondoka watatu. Mimi nikaambiwa nibaki nayo. Karibu mwezi nilikuwa naifuta vumbi tu."

Kwa hiyo mawe yangu hayakukosea. Moja haikurudi, na mchungaji wake alibaki nayo, kama nilivyomwambia mama. Kitu pekee kilichokuwa cha uongo ni kile nilichosema siku ya tisa. Nikaanza kulia pale lamboni, ng'ombe wanakunywa, nikamwambia kaka kila kitu, na nikamsihi asimwambie mama kwamba ndege ile haikuruka. Alinivuta sikio taratibu.

"Sawa," akasema. "Kesho rudi shule. Ng'ombe nawachukua mimi."

Hatukuzungumza tena jambo hilo. Maduhu alichunga, akaoa, akalima pamba, akazeeka. Nilipokuwa nikienda Nkoma likizo nilimbebea madaftari yangu, yeye aliyezijaza mafuta ndege zile kwa mikono yake, nami namsahihisha urefu wa mabawa. Alikuwa anasikiliza, ananiuliza maswali ambayo nadhani majibu yake aliyajua. Mama alifariki muda mrefu uliopita akiamini, nilivyojua mimi, kwamba nilimwambia kweli. Hilo lilikuwa linaniuma. Kila daftari jipya nilianza na mstari ule ule: nne zimekwenda, tatu zimerudi.

Sasa Ngasa anatoa vitu sandukuni. Ovaroli iliyofifia, ndiyo yenye harufu. Barua zangu za chuo cha ualimu. Chini kabisa, kifundo cha kitambaa cha kaki. Nilikijua kabla hakijafunguliwa, nilikivaa kikiwa gauni. Ndani yake mlikuwa na jiwe jeupe lenye mstari mwekundu.

"Hili baba alisisitiza nikupe mkononi," Ngasa akasema. "Alisema alipewa na bibi jioni ile aliyorudi vitani."

"Bibi alilipata wapi?"

"Kwenye minyaa, nyuma ya zizi. Alikwenda kulitafuta kesho yake, baada ya wewe kusema ndege imepita. Alijua hukuiona, Shangazi. Alijua hapo hapo ulipokuwa unasema."

Ngasa ni mtu wa kuuza dagaa Lamadi, hajazoea kuona mwalimu analia, akawa anaongea haraka haraka.

"Baba alimuuliza, sasa kama ulijua, kwa nini uliweka mti? Bibi akamwambia, 'Nilikuwa namngoja wa nje, nikaona mwingine ananipotelea humu ndani.' Ndivyo baba alivyotusimulia."

"Na yeye kwa nini hakuniambia? Miaka yote hii?"

Ngasa akacheka kidogo, akajifuta uso kwa kiganja. "Alisema ukiambiwa utaacha kutafuta, na madaftari yatakwisha. Alikuwa anayapenda yale madaftari, Shangazi. Ulikuwa ukiondoka anatusomea mpaka tunakimbia."

Nililishika lile jiwe mpaka likapata joto la mkono. Nilikuwa nimebeba miaka mingi mno kosa la kumfungia kaka yangu mlango, na kumbe mama aliufunga kwa kujua, na mtu aliyemfungia ndani nilikuwa mimi. Nilimlilia mama siku ile kuliko nilivyomlilia tulipomzika. Nilimlilia na Maduhu, ambaye alinisikiliza nikitafuta kitu alichokuwa amekifungia sandukuni.

Jua lilipoanza kushuka Ngasa alisema aondoke asije akakutwa na giza njiani. Nilimfungia karanga, nikamsindikiza mpaka getini. Alipokwisha kuisukuma pikipiki nje akageuka, mkono kwenye bati la geti.

"Shangazi, nikuachie wazi au nifunge?"

Nilitazama njia inayokuja kutoka upande wa Nkoma, yote, mpaka inapokata kona. Jiwe lilikuwa mfukoni mwa gauni, mfuko wa kulia.

"Funga, ng'wanone," nikamwambia. "Wameingia wote."